L'Aquila: Mji wa Vijiji 99 na Mlango wa Msamaha



Juma hili nawaalika tufunge safari ya mawazo hadi katikati ya Italia, katika mji ambao mahujaji wengi waendao Roma hawaufiki, ingawa hauko mbali nayo: ni mwendo wa kilomita 100 hivi kuelekea kaskazini mashariki. Mji huo unaitwa L'Aquila, yaani "Tai". Ndio makao makuu ya mkoa wa Abruzzo, mmojawapo wa mikoa 20 ya nchi hiyo. Umejengwa juu ya mwinuko katika bonde la mto Aterno, mita 700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, nao umezungukwa na milima ya Apenini. Karibu nao unasimama mlima Gran Sasso, ambao kilele chake, Corno Grande, chenye mita 2,912, ndicho kirefu kuliko vyote katika safu hiyo. Majira ya baridi huko ni marefu na makali, na wakazi wake, wapatao 70,000, wamezoea kuiona theluji mlimani hata wakati mabonde ya chini yameanza kuchanua.

Katika ngao ya mji huo amechorwa tai, nayo imeandikwa maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya kwamba mji huu wadumu bila kutikisika. Msomaji asiyejua historia atayapita maneno hayo kama majigambo ya kawaida ya miji. Anayeijua atashangaa, maana ni miji michache ya Ulaya iliyotikiswa mara nyingi kama huu. Umeangushwa na jeshi, umeangushwa na matetemeko makubwa ya ardhi mwaka 1349, 1461, 1703 na 2009. Basi lipo swali ambalo napenda tulitafakari pamoja: katika mji ambao kuta zake zimeanguka mara nyingi namna hiyo, ni kitu gani hasa kisichotikisika?

Mji uliozaliwa kwa mapatano

Miji mingi ya kale ilianzishwa na mfalme, au na jeshi, au na soko. L'Aquila ilianzishwa na vijiji. Katika karne ya 13 milima ile ilijaa vijiji vidogo vyenye ngome, kila kimoja juu ya kilima chake, na watu wake waliishi chini ya makabaila waliowatoza kodi na kuwafanyisha kazi. Wanavijiji wa pande za Amiternum na Forcona waliafikiana kujenga mahali pamoja, ili wapate kujilinda na kujitawala. Mwaka 1254, wakati wa mfalme Conrad IV, mwana wa Kaisari Frederick II, walipewa hati iliyowaruhusu kufanya hivyo.

Namna walivyoujenga mji huo ndiyo ufunguo wa tabia yake hata leo. Kila kijiji kilipewa sehemu yake ndani ya kuta, nacho kilijenga humo kile kilicho cha wote: kiwanja cha kukutania, kanisa na chemchemi ya maji. Nyumba za familia zilikusanyika kuzunguka vitu hivyo vitatu. Kanisa jipya lilichukua jina la kanisa lililoachwa kijijini. Watu wa Paganica walisali katika kanisa la Bikira Maria wa Paganica, watu wa Bazzano katika kanisa la Mtakatifu Giusta, watu wa Coppito katika kanisa la Mtakatifu Petro wa Coppito. Aliyehamia mjini hakukoma kuwa mwana wa kijiji chake, na aliyebaki kijijini alihesabiwa naye kuwa raia wa mji. Hivyo mji haukuvimeza vijiji. Ulikuwa ni vijiji vyenyewe vilivyokubali kukaa pamoja.

Mapokeo yanasema vijiji vilikuwa 99, na kwa sababu hiyo mji ulikuwa na viwanja 99, makanisa 99 na chemchemi 99. Wanahistoria wanatuambia kwamba idadi halisi ilikuwa ndogo kuliko hiyo, lakini namba yenyewe imekaa katika mioyo ya watu na haitoki. Mwaka 1272 ilianza kujengwa chemchemi kubwa ambayo hadi leo inaitwa chemchemi ya mifereji 99. Kuta zake ni za mawe meupe na ya waridi yaliyopangwa kwa zamu, na maji yake hutoka katika vinywa vya sura zilizochongwa kwa mawe, nyingine za watu na nyingine za wanyama. Kwa vizazi vingi akina mama walifulia nguo hapo. Vilevile, kwa desturi ya mji, kengele ya mnara wa serikali hupigwa mara 99 wakati wa jioni, kana kwamba kila kijiji kinaitwa kwa zamu yake kabla ya watu kulala.

Lakini mapatano hayo yalijaribiwa mapema. Mwaka 1259, hata kabla mji haujatimiza miaka sita, mfalme Manfred aliuteketeza kwa sababu ulikuwa upande wa Papa. Watu walirudi katika vilima vyao. Angalikuwa ni mfalme aliyeujenga, pengine hadithi ingeishia hapo. Manfred aliposhindwa na kuuawa vitani mwaka 1266, na Charles wa Anjou akashika utawala, wanavijiji wale wale walishuka tena kutoka vilimani, wakaanza upya juu ya majivu. Huko ndiko kuzaliwa kwa pili kwa L'Aquila, nako kwafundisha zaidi ya kule kwa kwanza. Kujenga mara ya kwanza kwahitaji matumaini. Kujenga mara ya pili, baada ya kuona kila kitu kikiungua, kwahitaji imani.

Mzee aliyeshuka kutoka mlimani

Miaka isiyofika 30 baadaye mji huu mchanga ulipata heshima ambayo hakuna aliyeitazamia. Papa Nikolaus IV alifariki mwezi Aprili 1292, na makardinali walishindwa kuelewana juu ya mrithi wake kwa muda wa miaka miwili na miezi mitatu. Mwishoni, tarehe 5 Julai 1294, walimchagua mtu ambaye hakuwa kardinali, wala askofu, wala msomi wa sheria za Kanisa. Alikuwa mkaapweke mzee, Pietro wa Morrone, mwenye umri wa miaka 80 hivi, aliyeishi kwa sala na mfungo katika mapango ya milima ya Abruzzo, na aliyekusanya kandokando yake jamaa ya wamonaki. Ndiye aliyelijenga kanisa la Bikira Maria wa Collemaggio, nje kidogo ya kuta za L'Aquila, lililowekwa wakfu mwaka 1288.

Mzee huyo hakwenda Roma kupokea taji. Aliingia L'Aquila akiwa amepanda punda, na mapokeo yanasema hatamu za punda huyo zilishikwa na mfalme Charles II wa Napoli pamoja na mwanawe. Tarehe 29 Agosti 1294, sikukuu ya Kukatwa Kichwa Yohane Mbatizaji, alivikwa taji katika kanisa la Collemaggio, akachukua jina la Selestini V.

Mwezi uliofuata aliuachia mji ule zawadi. Kwa hati ya kipapa alitoa rehema kamili kwa kila mtu ambaye, akiwa ametubu kweli na kuungama, angeingia katika kanisa la Collemaggio kuanzia masifu ya jioni ya tarehe 28 Agosti hadi masifu ya jioni ya tarehe 29. Yatupasa kukumbuka mazingira ya wakati ule. Rehema ya namna hiyo ilipatikana kwa wale waliokwenda kupigana vita vya msalaba au waliofanya hija za mbali na za gharama kubwa. Selestini aliifungua kwa mchungaji wa kondoo, kwa mfua nguo wa chemchemini, kwa maskini asiye na senti ya kutoa. Kilichotakiwa ni moyo wenye toba na miguu ya kuvuka mlango. Haya yote yalitokea miaka sita kabla ya Jubilei ile ya mwaka 1300 iliyotangazwa Roma na Papa Bonifasi VIII.

Selestini mwenyewe hakudumu. Alijiona hana uwezo wa kuliongoza Kanisa katikati ya hila za wafalme na wakuu, na tarehe 13 Desemba 1294, huko Napoli, alijiuzulu. Mrithi wake, Bonifasi VIII, alihofu kwamba watu wangemtumia mzee huyo kuleta mafarakano, akamweka chini ya ulinzi katika ngome ya Fumone. Huko ndiko alikofariki tarehe 19 Mei 1296. Wapo waliomwita mwoga. Wasomaji wengi wa mshairi Dante wamedhani kwamba yeye ndiye kivuli kisichotajwa jina kilichowekwa mlangoni mwa jehanamu. Kanisa lilihukumu vingine: mwaka 1313 alitangazwa kuwa mtakatifu, na baadaye masalia yake yaliletwa Collemaggio.

Na hati ile je? Bonifasi VIII alizitangua hati nyingi za mtangulizi wake, hii ya msamaha ikiwamo, akadai irudishwe. Wananchi wa L'Aquila hawakuitoa. Waliitunza wao wenyewe, si katika sakristia, bali katika mnara wa serikali ya mji, kama mtu atunzavyo hati ya shamba alilorithi kwa babu yake. Tangu hapo msamaha ukawa urithi wa raia wote. Kila mwaka, tarehe 28 Agosti, hati hiyo huchukuliwa kwa maandamano hadi Collemaggio, ikasomwa mbele ya umati, na kardinali hubisha Mlango Mtakatifu mara tatu kwa fimbo ya mzeituni hadi ufunguliwe. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliandika maadhimisho hayo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu.

Nami kila nikumbukapo ile namba 99 nauona mfano wa Injili tunaoufahamu sote, wa mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamfuata mmoja aliyepotea. Mji wa vijiji 99 umepewa mlango kwa ajili ya yule mmoja ambaye bado hajafika.

Neema na kiburi

Karne mbili zilizofuata zilikuwa za neema. Kondoo wa Abruzzo walishuka kila vuli kwenye nyanda za joto za Puglia, wakapandishwa tena milimani wakati wa kiangazi, wakifuata njia pana za malisho. Mojawapo ya njia hizo ilianzia L'Aquila na kuishia Foggia. Sufu yao ilinunuliwa na wafanyabiashara wa mbali. Zafarani iliyolimwa katika uwanda wa Navelli ilifika hadi Ujerumani. Mwaka 1482 Mjerumani Adam wa Rottweil alianzisha kiwanda cha uchapaji katika mji huo, wakati sanaa hiyo ilikuwa bado mpya duniani.

Utajiri ulileta pia ugomvi wa koo na vyama. Mwaka 1444 Mtakatifu Bernardino wa Siena, mhubiri Mfransisko aliyelieneza sana Jina Takatifu la Yesu, alifika L'Aquila akiwa mgonjwa taabani, akafariki humo tarehe 20 Mei. Mapokeo yanasema kwamba damu ilitoka katika mwili wake hadi makundi yaliyokuwa yakipigana yalipopatana. Leo basilika yenye jina lake inatunza masalia yake, nayo ni miongoni mwa majengo mazuri kupita yote ya mji.

Hata hivyo hatari kubwa zaidi haikutoka ndani. Mji ulipowaasi Wahispania, mwaka 1529 mkuu wao, Philibert wa Orange, aliuadhibu kwa adhabu ya akili sana. Aliutoza fedha nyingi, lakini zaidi ya hapo aliutenga na vijiji vyake, akavigawa kwa maakida wake kama mashamba. Alielewa kwamba nguvu ya L'Aquila haikuwa katika kuta, ilikuwa katika yale mapatano ya mwanzo. Kuanzia mwaka 1534 ilijengwa ngome kubwa juu ya mji, na maandishi yake yalisema waziwazi kwamba imewekwa ili kuzuia ujasiri wa watu wa L'Aquila. Ngome hiyo ipo mpaka sasa, na mizinga yake ilielekezwa mjini. Mji ulipungua, kwa maana ulikatwa mizizi.

Wala tusidhani kwamba wenyeji wenyewe hawakukosa kamwe. Mikoa ya Italia ilipoanza kuwa na mabaraza yake mwaka 1970, palizuka mvutano mkali kati ya L'Aquila na Pescara, mji mkubwa wa pwani, juu ya makao makuu. Mwezi Februari 1971 ghasia zililipuka mitaani L'Aquila, na ofisi za vyama vya siasa zilishambuliwa. Mwafaka uliopatikana uliiacha L'Aquila ikiwa makao makuu, huku baadhi ya shughuli za mkoa zikifanyika Pescara. Mji wenye hati ya msamaha nao waweza kusahau kuisoma.

Ardhi isiyotulia

Milima ile mizuri imezaliwa na miamba inayosukumana na kuachana chini ya ardhi. Sisi wa Afrika Mashariki, tunaoishi kandokando ya Bonde la Ufa, hatuhitaji maelezo marefu. Tunalikumbuka tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lililoutikisa mkoa wa Kagera na mji wa Bukoba.

Tarehe 2 Februari 1703, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, watu wa L'Aquila walikuwa makanisani na mishumaa mikononi ardhi ilipotikisika. Maelfu walikufa katika mji na vijiji vyake, na mamia kati yao walifukiwa katika kanisa moja tu, la Mtakatifu Dominiko. Sehemu kubwa ya mji tuuonao leo, pamoja na makanisa yake ya mtindo wa baroko, ulijengwa upya baada ya siku hiyo. Wenyeji husimulia kwamba ndipo rangi za mji, zilizokuwa nyeupe na nyekundu, zilipobadilishwa kuwa nyeusi kwa maombolezo na kijani kwa matumaini, na kwamba ndiyo sababu sherehe za kanivali huko hazianzi kabla ya tarehe 2 Februari kupita. Wameiweka huzuni yao katika kalenda, isipite bila kukumbukwa.

Usiku baada ya Dominika ya Matawi

Tarehe 5 Aprili 2009 ilikuwa Dominika ya Matawi. Kwa miezi kadhaa ardhi ilikuwa ikitetemeka kidogo kidogo, na watu walikuwa wameanza kuzoea. Usiku huo, saa tisa na dakika 32, yaani alfajiri ya Jumatatu tarehe 6, lilikuja tetemeko lililokadiriwa kuwa na ukubwa wa 6.3. Watu 309 walipoteza maisha. Zaidi ya watu 65,000 waliachwa bila makazi. Kijiji cha Onna, mashariki ya mji, kilipoteza watu takriban 40, nacho ni kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake. Katika bweni la wanafunzi wa chuo kikuu walikufa vijana 8. Paa la Collemaggio liliporomoka juu ya sehemu ya altare, lakini masalia ya Mtakatifu Selestini yalitolewa salama chini ya kifusi.

Mazishi ya kitaifa yalifanyika tarehe 10 Aprili, siku ya Ijumaa Kuu. Kama mjuavyo, siku hiyo Kanisa haliadhimishi Misa. Kwa ruhusa ya pekee ya Papa Benedikto XVI, Misa iliadhimishwa mbele ya majeneza zaidi ya 200 yaliyopangwa uwanjani, mengine yakiwa na majeneza madogo meupe ya watoto juu ya yale ya mama zao. Padre yeyote aliyewahi kuzika mtoto ataelewa kwa nini sina la kuongeza hapo.

Tarehe 28 Aprili Papa Benedikto XVI mwenyewe alifika. Alisali Onna, kisha akaingia Collemaggio iliyobomoka, akaweka juu ya sanduku la kioo la Selestini lile pallio alilovikwa siku alipoanza utume wake wa kipapa. Siku hiyo wengi waliona ni tendo la heshima tu. Tarehe 11 Februari 2013 alipotangaza kujiuzulu, walilikumbuka pallio lile kwa macho mengine.

Paa na kiwanja

Baada ya tetemeko serikali ilijenga haraka vitongoji vipya 19 kuzunguka mji, vyenye majengo yanayokaa juu ya mitambo ya kupunguza mtikisiko. Maelfu ya familia walitoka katika mahema kabla ya baridi kuwa kali, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini miaka ilivyopita watu walianza kulalamika kwa lalamiko ambalo mababu zao wa mwaka 1254 wangelielewa mara moja: tumepewa paa, hatukupewa kiwanja. Vitongoji vile havikuwa na mahali pa kukutana jioni, wala chemchemi, wala kengele ya jirani. Huku nyuma kitovu cha kale kilibaki kimya kwa miaka mingi, kimezungukwa na vyuma vya kuegemeza kuta, na wazee wengine walifariki wakisubiri kurudi nyumbani.

Kulikuwa pia na swali la haki. Baadhi ya majengo yaliyoanguka hayakuwa ya kale. Yalikuwa ya zege, ya karne ya 20, na mahakama ilithibitisha makosa ya kitaalamu katika bweni lile la wanafunzi. Wataalamu sita na ofisa mmoja wa serikali walihukumiwa mwezi Oktoba 2012 kwa namna hatari ilivyopimwa na wananchi walivyotulizwa siku chache kabla ya tetemeko. Wataalamu hao sita waliachiwa katika rufaa mwaka 2014, na yule ofisa alipunguziwa adhabu. Hukumu hizo zilijadiliwa duniani kote. Hakuna sayansi iwezayo kutabiri siku na saa ya tetemeko. Lakini ipo sayansi ya kujenga nyumba isiyoua, na upo wajibu wa kuwaambia watu ukweli wa kile tujuacho na tusichojua.

Naona ni lazima kulisema hili, kwa sababu sisi watu wa dini tunashawishika kuutumia msamaha kama zulia la kufunikia uchafu. Hati ya Selestini haisemi hivyo. Inadai toba ya kweli na maungamo kwanza, ndipo mlango ufunguliwe. Familia za marehemu walipodai ukweli mahakamani hawakuwa wanaupinga urithi wa mji wao. Walikuwa wanasimama katika hatua yake ya kwanza. Kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili, wananchi hutembea na mienge, na kengele hupigwa mara 309, moja kwa kila aliyekufa. Mji uliozoea kuhesabu vijiji vyake kwa kengele sasa unawahesabu pia watoto wake.

Na mji umeendelea kusimama tena. Basilika ya Collemaggio ilifunguliwa tena mwezi Desemba 2017. Tarehe 28 Agosti 2022 Papa Fransisko, ambaye sasa amekwisha kututangulia, alifika huko. Ukungu ulizuia helikopta yake kutua hadi rubani alipoona upenyo mdogo, naye akaugeuza ukungu huo kuwa mahubiri. Alimtaja Selestini kuwa shahidi wa unyenyekevu, na akatamani L'Aquila iwe makao makuu ya msamaha, amani na upatanisho. Kisha akaufungua Mlango Mtakatifu kwa mkono wake, Papa wa kwanza kufanya hivyo katika miaka 728. Mwaka 2024 mji huo uliteuliwa kuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Italia kwa mwaka 2026.

Wapendwa, turudi sasa kwenye maneno yale ya ngao. Ni nini kisichotikisika katika L'Aquila? Si kuta, maana zimeanguka. Si utajiri wa sufu, maana ulikwisha. Si heshima ya makao makuu, maana hata hiyo iligombaniwa. Kilichobaki ni mambo mawili waliyoyapokea mwanzoni: mapatano ya kujenga kwanza kilicho cha wote, na mlango ambao kila mwaka humpa mtu nafasi ya kuanza upya.

Nasi pia tu watu wa vijiji vingi. Parokia zetu zimefanyika kwa jumuiya ndogo ndogo, kila moja na msimamizi wake, na miji yetu imejaa watu ambao mioyo yao bado iko kwao. Hakuna ubaya katika hilo, mradi tukumbuke kuwa na kiwanja kimoja, chemchemi moja, na mlango mmoja usiofungwa. Tunapochangishana kujenga, tujiulize: je, tunaanza na cha wote? Na je, tunaweka nondo na saruji ya kutosha, hata pale ambapo hakuna anayetukagua? Na tukigombana, maana tutagombana, je, ni nani kati yetu atakayeutunza ule msamaha kama hati ya shamba la babu, asikubali mtu yeyote amnyang'anye?

Mtakatifu Selestini, uliyeshuka mlimani kwa utii ukalivua taji kwa unyenyekevu, utuombee. Na wote waliolala usiku ule wa Aprili, Bwana awape pumziko la milele.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye amani.